Kasoro za Kitambaa na Chanzo Chake: Utatuzi wa Matatizo kwa Mfumi Anayeanza

Mfumi anayeanza huiona kasoro pale kitambaa kinapofanyika, mbele ya macho yake, na kwa hiyo hutaka kuirekebisha papo hapo: huvuta uzi, hugonga kwa nguvu zaidi, hukaza gogo. Mara nyingi chanzo hakipo hapo. Sehemu kubwa ya kasoro wanazolalamikia wanaojifunza ufumaji wa mkono huanza nyuma ya kitanda cha kufumia, wakati wa kupima, kutanda na kukunja nyuzi, kabla mshindio wa kwanza haujapita. Mwongozo huu umepangwa kwa dalili, na chini ya kila dalili sababu zinaanza na ile inayotokea mara nyingi na kuishia na ile ya nadra. Hata hivyo, msomaji ataona kwamba dalili nyingi, zikifuatiliwa hadi mwisho, zinarudi kwenye mtande.

Ili tusipotezane katika majina, mtande ni nyuzi za urefu zinazokaa kitandani muda wote, na mshindio ni uzi wa kukingama unaopitishwa kati yake kwa kipitishio. Nyuzi za mtande zimekunjwa kwenye gogo la nyuma. Kila mmoja unapita kwenye kitanzi chake kilichofungwa kwenye fremu, kisha kwenye pengo la chanuo, na kuishia gogo la mbele ambako kitambaa kilichokwisha kufumwa hukunjwa. Makanyagio hupandisha na kushusha fremu ili mwanya ufunguke, na chanuo huusukuma mshindio mahali pake. Katika baadhi ya vitanda vidogo vya mezani, chanuo na vitanzi huwa kitu kimoja, yaani kibao chenye matundu na mapengo yanayopokezana. Anayetumia kitanda cha namna hiyo ayaruke maelezo ya fremu na makanyagio, lakini mengine yote yanamhusu.

Kwanza, soma uelekeo wa kasoro

Kabla ya kugusa chochote, tazama kasoro inaelekea wapi. Kasoro inayokwenda kwa urefu wa kitambaa, ikijirudia mahali palepale kila sentimita, imetoka kwenye mtande, kwenye kitanzi au kwenye pengo la chanuo, na hakuna namna ya kugonga itakayoiondoa. Kasoro inayokingama, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, imetoka kwenye mkono wa mfumi, kwenye uzi wa mshindio, au kwenye mkazo uliobadilika. Kasoro iliyo ukingoni tu kwa kawaida ni ya namna ya kulaza mshindio. Utambuzi huu hauchukui dakika moja, nao huokoa saa nyingi za kufumua kazi isiyo na kosa.

Pia badilisha jambo moja kwa wakati. Anayekaza mtande, akabadilisha uzi na kugonga kwa namna mpya katika sentimita zilezile mbili hatajua kamwe ni lipi lililosaidia. Fuma sentimita 3 au 4 baada ya kila badiliko, ndipo uamue.

Dalili: kingo zinavutwa ndani na kitambaa kinazidi kuwa chembamba

Hili ndilo lalamiko la kwanza la karibu kila anayeanza, na linastahili nafasi kubwa kuliko mengine kwa sababu lisipotibiwa huzaa matatizo mengine mawili: nyuzi za ukingoni hukatika, na chanuo huharibika pembeni kwa kusuguliwa.

Anza kwa kupima. Weka futi kwenye chanuo upate upana wa mtande, kisha pima upana wa kitambaa karibu na ukomo wake, yaani mstari ambapo mshindio wa mwisho umelala. Kupungua kidogo ni jambo la kawaida, kwa sababu mshindio unapinda juu na chini ya nyuzi na hivyo unakula upana. Kitambaa cha pamba chenye sentimita 40 kwenye chanuo kikisimama kwenye 38, hakina ugonjwa. Kikifika 35, na hasa kikiendelea kupungua kila unapopima, kuna jambo la kurekebisha.

Sababu ya kawaida kabisa ni mshindio uliolazwa ukiwa umenyooka. Uzi ulionyooka hauna ziada ya kupinda nayo, kwa hiyo chanuo linapogonga, ziada hiyo huibwa kutoka ukingoni. Pitisha uzi, kisha uache ulale mshazari, kwa pembe ya kama digrii 30 kutoka kwenye ukomo, au uunyanyue katikati ufanye mgongo wa kilima kidogo kabla ya kugonga. Shika ukingo kwa vidole viwili upande uzi unakoingilia ili ugeuke pale bila kubana na bila kuacha kitanzi. Gonga mwanya ukiwa bado wazi, ndipo ubadilishe kanyagio. Ukibadilisha kwanza, mshindio utakuwa umekwisha kukamatwa na hautaweza kuteleza kujisambaza. Wapo wanaoshauri kuvuta uzi “kidogo tu” kila unapogeuka ili ukingo uonekane nadhifu. Ushauri huo, kwa maoni yangu, ndio unaoharibu kingo nyingi, kwa kuwa unadhifu wa ukingo hauletwi na kuvuta bali na kipimo kilekile cha ziada katika kila mshindio.

Ikiwa umelaza uzi vizuri na kingo bado zinaingia, angalia bobini, yaani kijiti kinachokunjiwa uzi wa mshindio ndani ya kipitishio. Bobini iliyojazwa kupita kiasi, au iliyokunjwa ikawa na nundu mwishoni, hukwama ndani ya kipitishio na kuuvuta uzi kwa mkupuo. Ishara yake ni kwamba ukingo mmoja unaingia zaidi mahali fulanifulani, wala si mfululizo. Ikunje upya: jenga kwanza vilima viwili vidogo kwenye ncha zake, kisha jaza bonde la katikati, na usiuache uzi uvuke ncha.

Sababu ya tatu ni uvivu wa kusogeza kitambaa. Ukomo unapokaribia sana chanuo, mwanya huwa mwembamba, kipitishio hugusa nyuzi, na pembe ya mshindio haiwezi kutosha hata ukijitahidi. Sogeza kila baada ya sentimita 5 hadi 8. Ya nne ni upana wenyewe. Hadi mvumbuzi Mwingereza John Kay alipopata hataza ya kipitishio kirukacho, yaani kinachorushwa kwa kuvuta kamba, mwaka 1733, upana wa kitambaa cha mfumi mmoja ulikomea pale mikono yake ilipofika, na anayerusha kipitishio kwa mkono leo bado yuko chini ya sheria hiyo. Anayejifunza abaki kati ya sentimita 25 na 40 hadi mikono izoee.

Sababu ya mwisho, na ngumu zaidi, ni mtande uliotandwa kwa nafasi kubwa mno kwa uzi wenyewe. Nyuzi zilizoachana husogezwa na mshindio kirahisi. Dawa yake iko katika sehemu ya idadi ya nyuzi hapa chini. Kuna pia kitanuzi, kijiti chenye meno kwenye ncha mbili kinachokaza kitambaa kwa upana wakati wa kufuma. Ni chombo halali, na wafumi wazoefu hukitumia kila siku, ila anayeanza akikitumia mapema kitamfichia kosa la mkono badala ya kulitibu.

*Simama hapa:* nyuzi za mwisho za ukingo zikianza kutoa manyoya na kuchakaa kwenye chanuo, usisukume mbele. Fumua hadi mahali upana ulipokuwa sawa. Kwa sentimita moja au mbili, fungua mwanya wa kila mshindio kwa mpangilio wa kurudi nyuma na kuutoa kwa kipitishio. Kwa zaidi ya hapo, kata mshindio katikati ya kitambaa kwa mkasi wenye ncha butu, ukiwa umepenyeza kidole chini ya kila uzi kuhakikisha kwamba unachokata ni mshindio wala si mtande, kisha uvute vipande kutoka kingo zote mbili. Uzi wa mshindio utaupoteza, lakini mtande hautasuguliwa mara ya pili.

Kinyume cha dalili hii, vitanzi vya mshindio vinavyoning’inia nje ya ukingo, hutokana na ziada iliyozidi au na uzi wa mwisho wa mtande kurukwa na mshindio. La pili ni la mifumo ya mshazari hasa (ile inayochora mistari ya mshazari kwenye kitambaa), ambako kwa hatua fulani uzi wa ukingoni haupandi wala haushuki kwa zamu. Ongeza uzi mmoja kila upande usiopita kwenye kitanzi chochote, bali kwenye chanuo pekee, na kila mara ingiza kipitishio juu yake na kukitoa chini yake.

Dalili: baadhi ya nyuzi za mtande zimelegea

Funga macho na upitishe kiganja polepole juu ya mtande, kati ya chanuo na gogo la mbele, ukigusa bila kubonyeza. Kiganja kinatambua tofauti ambazo jicho halioni: mahali palipolegea panabonyea kama godoro lililochoka. Tambua kama ni kundi moja la nyuzi, au kingo mbili, au uzi mmojammoja uliotawanyika.

Kundi moja likilegea, kosa liko kwenye fundo la mbele. Hili ni kosa la kawaida na jepesi: fungua fundo hilo, chana nyuzi kwa vidole, na ufunge upya. Njia nzuri ni kufunga mafundo yote kwa nusu fundo kwanza, kuanzia katikati kwenda pembeni, kisha kurudi mara ya pili kuyasawazisha kabla ya kuyakamilisha, kwa sababu kila kundi unalokaza humlegeza jirani yake.

Kingo zote mbili zikilegea na katikati ikiwa imekaza, nenda nyuma ya kitanda. Utakuta karatasi iliyowekwa kati ya tabaka za mtande ni nyembamba kuliko mtande wenyewe, au haikuwekwa kabisa, na nyuzi za pembeni zimeteleza kutoka kwenye rundo na kuzama. Uzi uliozama unazunguka duara dogo zaidi, kwa hiyo gogo linapofunguka unatoa urefu tofauti na wenzake. Karatasi iwe ngumu, ipite mtande kwa sentimita kadhaa kila upande, na ifuate kila mzunguko. Anayependa vijiti bapa vya mbao avitumie, ilimradi avipange kwa wingi wa kutosha. Karatasi laini haifai, kwa sababu nyuzi hukatiza ndani yake.

Uzi mmojammoja uliotawanyika una sababu zaidi ya moja. Huenda mkono ulivuta kwa nguvu tofauti wakati wa kupima, jambo linalotokea mtu anapochoka. Huenda pia umechanganya nyuzi za asili tofauti katika mtande mmoja. Sufu hunyumbulika na kurudi, kitani karibu hakinyumbuliki kabisa, na pamba iko kati yake. Vikikunjwa pamoja kwenye gogo moja, baada ya sentimita kadhaa kila kimoja hufuata tabia yake.

Tiba ya haraka kwa nyuzi chache ni kupenyeza kipande cha kadibodi kilichokunjwa chini yake kwenye gogo la nyuma, au kuzining’inizia kizito kidogo nyuma ya kitanda, ukikumbuka kukirudisha kila unaposogeza kitambaa. Nyuzi zilizolegea zikizidi robo ya mtande, viraka hivyo vitakuchosha kuliko kazi yenyewe. Fungua mafundo ya mbele, tembeza mtande wote mbele huku mtu wa pili akiushika, na uukunje upya kwa karatasi nzuri. Ni kazi ya kuchosha, na ni ya lazima.

*Tahadhari:* usinyanyue kizuizi cha gurudumu la meno linalozuia gogo lisizunguke kabla ya kushika mpini wake kwa mkono mwingine. Mtande mpana uliokazwa unabeba nguvu nyingi, na mpini ukizunguka ghafla unaweza kuvunja kidole. Kizuizi kikiteleza chenyewe, au meno yakiwa yamelika, acha kufuma na umwite fundi seremala au wa vyuma abadilishe sehemu hiyo. Kuifunga kwa kamba si ukarabati.

Dalili: nyuzi za mtande zinakatika

Uzi mmoja kukatika ni ajali. Nyuzi kadhaa kukatika ni ujumbe, na ujumbe huo husomwa kwa kutazama zinakatikia wapi.

Zikikatika ukingoni tu, rudi kwenye dalili ya kwanza. Zikikatika mahali pamoja katikati ya upana, pitisha kidole kwenye pengo la chanuo na jicho la kitanzi cha hapo: utakuta kutu, ukingo uliochongoka, au waya uliopinda. Kutu husuguliwa kwa msasa laini sana na kufutwa kwa kitambaa kikavu. Jino lililopinda hunyooshwa kwa koleo jembamba, taratibu. Chanuo ambalo meno yake yamelegea kwenye kishikizo chake halitengenezeki nyumbani.

Zikikatika kila mahali, punguza mkazo kwanza. Mfumi mpya hukaza mtande mpaka ulie kama zeze, akidhani kwamba ndivyo mwanya unavyofunguka vizuri, ilhali kazi nyingi za pamba huhitaji mkazo unaouruhusu mtande ubonyee kidogo chini ya kiganja. Ikiwa mkazo ni wa kiasi, chunguza uzi wenyewe. Chukua urefu wa mkono, usugue kwa kucha mara kadhaa kwenda na kurudi kama chanuo linavyofanya, ndipo uuvute. Uzi unaotoa manyoya na kuachana baada ya kusuguliwa haufai kuwa mtande ulivyo, hata kama ulistahimili kuvutwa ulipokuwa mpya. Utumie kwa mshindio. Uzi wa pamba wa mchirizi mmoja, usiosokotwa na mwingine, unaweza kuokolewa kwa kutiwa wanga mwepesi uliopikwa, ukakaushwa ukiwa umenyooshwa, na wanga huo utatoka kitambaa kinapofuliwa.

Hewa kavu nayo ni sababu, hasa kwa kitani. Pamba na kitani huongezeka nguvu zikipata unyevu, ndiyo maana kitambaa chenye majimaji kilichotandazwa juu ya mtande wa kitani usiku huusaidia. Usifanye hivyo kwa uzi wa rayoni, kwa sababu wenyewe hudhoofika ukilowa.

Uzi uliokatika huunganishwa hivi. Kata uzi mpya wa aina ileile, wenye urefu wa kufika kutoka mbele hadi nyuma ya kitanda na ziada. Upitishe kwenye kitanzi na pengo la chanuo vya uzi uliokatika. Mbele, choma pini kwenye kitambaa sentimita 2 au 3 chini ya ukomo, sambamba na mshindio, na uzungushie uzi mpya mara tatu kwa umbo la nane. Nyuma, ufunge kwenye chupa ndogo ya maji au kizito kingine, uongeze au kupunguza maji mpaka mkazo wake ulingane na wa majirani, kisha uuachie uning’inie nyuma ya kitanda. Fuma. Uzi wa zamani kutoka gogo la nyuma ukishafika urefu wa kuvuka chanuo, urudishe mahali pake kwa pini vilevile na uondoe ule wa muda. Ncha zote hufichwa kwa sindano baada ya kitambaa kutoka kitandani. Usiunge kwa fundo karibu na vitanzi, kwani fundo likifika kwenye chanuo litakata tena, na pengine litavuta na jirani zake.

Dalili: mwanya haufunguki vizuri, au kipitishio kinaruka nyuzi

Inama mpaka jicho liwe usawa wa mtande na utazame mwanya kutoka ubavuni; kioo kidogo cha mkononi hurahisisha. Tabaka ya juu iwe imenyooka, ya chini vilevile, na kati yake pawe safi.

Nyuzi chache zikielea katikati, yaelekea zimelegea, au zimepishana kati ya vitanzi na chanuo. Zilizopishana hutambulika kwa kuufuata kila uzi kwa kidole kutoka kitanzi hadi pengo lake: mmoja utakuwa umevuka juu ya mwenzake. Hakuna njia ya mkato. Toa nyuzi hizo mbili kwenye fundo la mbele, zitoe kwenye chanuo, zirudishe kwa mpangilio, na ufunge tena.

Nyuzi zikishikana kwa manyoya, kama sufu yenye nywele ndefu inavyofanya, kukaza zaidi hakusaidii. Fungua mwanya, gonga hewa kwa chanuo mara moja kuzitenganisha, ndipo upitishe kipitishio. Na mtande ujao uupe nafasi pana zaidi kati ya nyuzi. Fremu nzima ikipanda kidogo kuliko nyingine, kagua kamba zinazoiunganisha na kanyagio. Kamba hulegea zenyewe wiki za kwanza, na kuzisawazisha ni kazi ya dakika chache.

Dalili: mstari wa urefu usiokwisha

Hapa sababu kuu ni tatu. Mstari wenye uwazi ni pengo la chanuo lililorukwa. Mstari mnene ni pengo lililobeba nyuzi nyingi kuliko mengine. Mstari ambamo nyuzi mbili zinatembea pamoja kama uzi mmoja ni kosa la vitanzi: ama zimetiwa kitanzi kimoja, ama mpangilio umerudiwa kwenye fremu ileile.

Pengo lililorukwa mara nyingine hujifunga kitambaa kinapofuliwa, hasa cha sufu, lakini pengo lililobebeshwa halijifungi. Ukiligundua mapema, hamisha nyuzi kuanzia hapo hadi ukingo wa karibu. Kwa kosa la kitanzi huhitaji kuvua mtande mzima: tengeneza kitanzi cha uzi imara kwa kukifunga kwenye fremu sahihi, jicho lake likiwa usawa wa macho ya vitanzi vingine, kisha upitishe uzi uliokosewa. Makosa haya yote huonekana mapema iwapo sentimita 5 za mwanzo zimefumwa kwa uzi mnene wa rangi inayotofautiana na mtande. Anayeruka hatua hiyo huyagundua akiwa nusu mita mbele.

Dalili: mistari inayokingama, mahali pamebana na mahali pameachana

Kwa kawaida ni mkono. Mfumi hugonga kwa nguvu asubuhi na kwa ulegevu jioni, na mahali alipoamka kwenda kunywa maji huonekana kwenye kitambaa. Weka futi juu ya kazi na uhesabu nyuzi za mshindio katika sentimita moja, sehemu tatu tofauti. Kwa ufumaji wa kawaida wa juu na chini, hesabu hiyo ikaribiane na idadi ya nyuzi za mtande katika sentimita moja. Hesabu badala ya kukisia. Baada ya muda mkono hujifunza.

Mistari ikitokea kila unaposogeza kitambaa, tatizo ni mkazo usiorudi palepale. Sogeza kidogokidogo, na gusa mtande kwa kiganja kabla ya mshindio wa kwanza. Ukiacha kazi kwa siku nyingi, legeza mtande, na ukirudi, kaza na ugonge mara moja bila uzi kabla ya kuendelea. Mstari wenye kivuli cha rangi tofauti hautokani na mkono hata kidogo, bali na uzi uliotiwa rangi katika mtungi mwingine. Nunua wa kutosha mara moja, na kama umechanganyika, pokezana bobini mbili.

Dalili: kitambaa ni kigumu kama turubai, au kinachanguka

Hili ni suala la idadi ya nyuzi kwa sentimita. Zungushia uzi kwenye futi, nyuzi zikigusana bila kubanana, kwa upana wa sentimita 2, na uhesabu mizunguko. Gawa kwa 2 upate mizunguko kwa sentimita moja. Kwa ufumaji wa juu na chini, nusu ya idadi hiyo ndiyo kipimo cha kuanzia, kwa sababu mshindio nao unahitaji nafasi ya kupita kati ya nyuzi. Kwa mshazari, chukua theluthi mbili. Uzi unaotoa mizunguko 16 kwa sentimita utatandwa nyuzi 8 kwa juu na chini, na 10 au 11 kwa mshazari.

Ikiwa mtande tayari uko kitandani na umekosewa, si lazima uanze upya. Utoe kwenye chanuo peke yake na uutie tena kwa msongamano mwingine: upana utabadilika, ila mpangilio wa vitanzi utabaki. Lakini usihukumu ugumu kabla ya kufua. Kitambaa kilicho kitandani kimevutwa pande zote, na kikitoka na kuoshwa hujikusanya na kulainika kiasi cha kuonekana kingine.

Dalili: mtande umeisha mapema, au kitambaa kimekuwa kifupi baada ya kufuliwa

Hesabu ilisahau mambo matatu: urefu unaoliwa na mpindo wa nyuzi, kusinyaa kwa maji, na mabaki yasiyofumika kati ya vitanzi na gogo la nyuma. Kwa pamba, asilimia 10 kwa mpindo na asilimia 10 kwa kusinyaa ni makadirio salama ya kuanzia, na kwa kitanda kikubwa cha makanyagio mabaki hufika sentimita 60 au zaidi. Shali ya sentimita 180 kwa hiyo inataka mtande wa karibu mita 2.8. Fuma kipande cha majaribio, ukifue kama kitambaa chenyewe kitakavyofuliwa, na utumie vipimo vyako badala ya hivi.

Dalili: kitanda kinalia, kinatembea au kimepinda

Kaza skurubu na kabari zote kwanza. Kisha pima mishazari miwili ya fremu kuu kwa kamba, kutoka kona hadi kona: zisipolingana, kitanda kimekaa upande, na kitambaa kitatoka upande vilevile. Weka mpira chini ya miguu kama kinateleza, na paka nta kwenye viungo vya mbao vinavyosuguana.

*Simama hapa:* ufa kwenye gogo au kwenye nguzo inayolishikilia, unga wa mbao uliobunguliwa unaodondoka kutoka kwenye vitundu vidogo, au kiungo kilichoachana mtande ukiwa umekazwa, ni kazi ya seremala. Legeza mtande kwanza, kabla hata ya kwenda kumwita.

Dalili: mwili unauma

Kiti kikiwa chini mno, mabega hupanda na viganja hukunjwa. Kipandishe hadi viwiko vikae juu kidogo ya gogo la mbele, nyayo zikifika kwenye makanyagio bila kujinyoosha, na inuka kila baada ya nusu saa. Ganzi au kuchomachoma kwenye vidole kunakoendelea usiku, wakati hukufuma, si uchovu wa kawaida. Acha kazi na umwone daktari. Vivyo hivyo kwa kifua kinachobana au kikohozi kinachokuja unaposhughulika na pamba yenye vumbi jingi na kupungua siku za mapumziko: vumbi la pamba huweza kuudhuru mfumo wa kupumua, hivyo fungua madirisha, ondoa vumbi kwa kitambaa chenye majimaji badala ya ufagio, na usisubiri kikohozi kiwe cha kudumu ndipo uende hospitali.